Aliyepima Kivuli cha Paa

Kamba ilikaza mkononi mwangu ikanivuta mpaka nikasimama kwa vidole vya miguu. Mimi nilikuwa nyuma ya jengo, mume wangu alikuwa mbele, juu ya ngazi, na paa lilikuwa katikati yetu, kwa hiyo sikumwona. Nilisikia tu. Kwanza upepo uliingia chini ya mabati, taratibu, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema jambo zito. Halafu misumari ikaanza kutoka, mmoja, mwingine, mwingine tena, haikuwa na haraka yoyote. Halafu paa likainuka.

Likafunuka upande mmoja kama kifuniko cha sanduku. Niliona mwanga mahali ambapo hapajawahi kuwa na mwanga. Mabati yakageuka hewani, yanang'aa, yanakwenda polepole, na kwa kitambo kidogo sana, Mungu anisamehe, niliona ni kitu kizuri. Kamba ikapanda nayo. Sikuiachia mimi, ilinichuna viganja ndipo ikaenda zake.

Nikaita, "Washitse?"

Ndivyo tulivyokuwa tunaitana sisi wawili tukiwa kazini, kwa Kiha chetu: umefika? Na yeye siku zote hujibu kutoka upande asioonekana, "Nashitse!" Nimefika. Siku hiyo hakujibu. Ukuta wa pembeni, ule wa pembetatu unaobeba mgongo wa paa, ukaniangukia mguuni, nami nikalala pale naangalia mvua ya mawe inavyoshuka usoni kwangu, nyeupe, nyingi, wala sikusikia baridi.

Yeye walimkuta kwenye shamba la mihogo, yeye na bati. Hapo sitaandika zaidi.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu. Naandika polepole, herufi zangu zinalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, lakini naandika mwenyewe. Kuna karatasi yenye mhuri inayosema kwamba fundi ndiye aliyekosea vipimo. Fundi huyo ni mume wangu. Na kwenye kila paa alilopima tangu tuoane, aliyeshika ncha ya pili ya kamba nilikuwa mimi. Hakukosea. Nataka karatasi ile isomeke vingine, na aliyekosea ajibu. Sina jambo jingine.

Nirudi nyuma kidogo.

Nilimfahamu kwa kamba hiyo hiyo. Nyumba ya baba yangu ilikuwa ya nyasi, na nyasi zilikuwa zimeoza, na baba alitaka kujua wanawake wakate miganda mingapi bondeni. Akaja kijana mrefu, mkimya, na kamba ya katani begani. Alikuja asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba. Nilidhani ataanza kazi, lakini aliianika kamba kwenye jiwe akakaa.

Baba akamwuliza, "Umekuja kupima au umekuja kuota jua?"

"Kamba yenye umande inajikunja, baba. Ikijikunja itasema paa ni refu kuliko lilivyo. Acha ikauke."

Basi tukasubiri kamba ikauke, yeye kwenye jiwe, mimi na ufagio wangu kwenye uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia mara mbili. Jua lilipopanda aliitupa kamba juu ya paa, ikapita mgongoni mwa nyumba ikaangukia upande wangu. Akaniambia niishike pale nyasi zinapoishia chini. Nikaishika. Sikumwona tena, alikuwa nyuma ya nyumba nzima, lakini alipovuta kidogo nilimsikia hapa, kwenye kiganja.

"Washitse?"

"Nashitse!"

Mtu na mtu, na nyumba katikati. Hata leo nikifunga macho mchana, nikiwa nimejilaza kwenye mkeka, nayaona mapaa yote tuliyopima, bila nyumba chini yake. Yametanda juu ya vilima kutoka kwetu mpaka Kumsenga, yameinama huku na huku, na kila moja lina kamba imelipita mgongoni. Nasikia mvuto mdogo mkononi. Naamka nikiwa nimekunja ngumi.

Nyasi zilipoanza kuachwa na watu wakaanza kuezeka kwa bati, yeye hakubadili njia, alibadili hesabu tu. Alikuwa na tepu aliyoinunua sokoni Kibondo, ikakatika mwanzoni, ikawa inaanzia sentimita arobaini na mbili. Watu walimcheka. Yeye alitumia tepu hiyo mbovu kupiga mafundo kwenye kamba, fundo kila mita, akitoa arobaini na mbili yake kila mara, ananung'unika peke yake. Kamba ikawa ndiyo tepu. Paa ambalo halijasimama bado alilipima hivi: anapigilia kenchi moja, ile pembetatu ya mbao inayobeba bati, anailaza chini kwenye uwanja, anapitisha kamba juu yake kuanzia ncha ya upenu, anapanda mpaka kileleni, anashuka mpaka ncha ya upenu wa pili. Kenchi imelala chini, lakini kamba inapanda na kushuka vilevile kama itakavyokuwa juu. Mimi nashika ncha moja.

Sasa wodi.

Kijiji chetu kiko upande wa Busunzu. Mama akishikwa na uchungu alibebwa kwenye machela mpaka barabarani, na kutoka hapo akimpata Mungu na gari, anafika Kibondo. Tukaamua tujenge wodi ya wazazi. Wanaume walifyatua matofali, wanawake tulibeba maji na mawe ya msingi, tanuru likachomwa, kuta zikapanda. Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu, Kakonko walikuwa wameshapewa wilaya yao na sisi huku tulijiona tumeachwa nyuma. Tulipofika kwenye linta nguvu zikaisha. Ndipo shirika moja likasema litatoa mabati. Likamtuma mtaalamu wake aje akadirie.

Mtaalamu alikuja mwisho wa kiangazi, kijana wa mjini, ana ofisi Kasulu, ana pikipiki, ana kofia ngumu ya njano kichwani ingawa jengo lilikuwa halina hata kijiti cha kumwangukia. Alipima ukuta kwa nje: urefu mita kumi na nne, upana mita tisa. Akatoa kalkuleta mfukoni. Kumi na nne mara tisa. Akagawa kwa ukubwa wa bati moja. Alitumia muda mfupi kuliko ule ambao mama anatumia kuchagua mawe kwenye maharage.

"Mabati sitini," akasema. Akaandika.

Mume wangu alikuwa pembeni na kenchi yake ya kwanza, ameilaza chini kwenye vumbi. Alikuwa amemaliza kupima, mimi bado nimechuchumaa na ncha yangu.

"Bwana mtaalamu," akamwambia, "samahani. Mimi napata themanini na nane."

Watu wakacheka, maana tofauti ilikuwa kubwa mno, ikawa kichekesho. Jirani yetu mmoja, mama mwenye ndoo kichwani, akasema, "Shemeji, hayo ishirini na nane unaezekea choo chako?" Nami nikacheka pia. Ndiyo, nilicheka.

Mtaalamu hakucheka. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliouma. "Mzee, eneo ni urefu mara upana. Mtoto wa darasa la nne analijua hilo."

"Urefu wa wapi, bwana? Wa chini au wa juu?"

"Jengo ni moja."

"Ukuta ni mita tisa, ndiyo. Lakini tazama kamba." Akanyoosha kidole kwenye kenchi. "Paa linatoka nje ya ukuta huku, linatoka kule, tukinge maji. Halafu linapanda. Kutoka upenu mpaka upenu, kupitia kileleni, ni mafundo kumi na moja na kipande. Si tisa. Na kwa urefu linatoka nje nusu mita kila upande, hiyo ni kumi na tano, si kumi na nne."

"Unapima vumbi, mzee," mtaalamu akasema. Sasa watu walicheka kwelikweli.

Mume wangu akanigeukia. "Muulizeni mama watoto. Yeye ndiye kashika ncha."

Wakanigeukia wote. Mtaalamu akainama kidogo, kama mtu anayesema na mtoto. "Haya mama, tuambie. Eneo ni nini?"

Mafundo nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeyahesabu kwa kidole changu, kumi na moja na kipande. Lakini neno lile, eneo, kama ninavyoulizwa pale, na watu wote wananitazama, lilinifunga mdomo. Nikajifunika uso kwa kitenge nikacheka. Ndicho nilichojibu. Miaka hii yote natafuta namna ya kukirudisha kicheko kile ndani.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akaingia kati. Huyu ni mtu wa kwetu, tumekua naye. Akamvuta mume wangu kando, lakini si mbali sana, nilisikia.

"Ndugu yangu, usimkasirishe mgeni. Akiondoka hapa na kinyongo, mabati yatakwenda Kakonko."

"Yakija sitini hayatatosha."

"Yaje kwanza."

Yakaandikwa sitini.

Siku chache baadaye, nyumbani, nilimwomba anifundishe. Nilikuwa naona aibu kumwuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshika kamba miaka yote bila kuuliza kwa nini. Ilikuwa saa sita mchana, majira yale jua linasimama utosini kabisa, mtu anakanyaga kivuli chake. Nilikuwa nimeanika kitenge kikubwa kwenye kamba ya nguo, kinaning'inia pande zote mbili. Akachukua vijiti viwili vya mihogo akakitanua chini, huku na huku, kikawa kimeinama kama paa.

"Tazama kivuli chake," akasema.

Nikatazama. Kivuli kilikuwa chini, kimenyooka, chembamba. Akaweka jiwe kila upande kivuli kinapoishia. Kisha akakiteremsha kitenge akakitandika juu ya mawe yale, palepale. Kikazidi. Kilizidi huku, kikazidi huku, karibu mkono mzima.

"Nguo ni ileile," nikasema.

"Nguo ni ileile. Yeye kapima kivuli. Sasa anakwenda kununua nguo ya kutosha kivuli."

Akacheka, na mimi nikacheka, safari hii bila kujifunika. Nakumbuka jua, vumbi limetulia, kuku amelala ukingoni mwa uwanja, na kilima cha mbele yetu kimeinama pande mbili, kirefu kuliko kivuli chake. Tangu siku hiyo kila kitu nakiona kwa namna hiyo. Kila kilima, kila mgongo wa ng'ombe. Hata kaburi.

Nitaiandika hesabu yake hapa ili isipotee, na mwenye elimu aikague. Bati moja upana wake, ukishapandanisha mawimbi mawili na bati la jirani yake, linafunika kama sentimita sabini. Paa la mita kumi na tano linataka safu ishirini na mbili. Kutoka upenu mpaka kileleni ni mita tano na sentimita sabini. Bati moja ni mita tatu. Kwa hiyo kila safu ni mabati mawili, la juu likilalia la chini kwa sentimita thelathini. Safu ishirini na mbili, mabati mawili kila safu: arobaini na manne. Hayo ni ya mgongo mmoja. Paa lina migongo miwili. Themanini na nane. Na kofia za kileleni mbali. Haya, kosa liko wapi?

Mabati yalikuja kiangazi cha mwaka uliofuata, juu ya fuso, yamefungwa vizuri, yanaumiza macho. Akina mama tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mume wangu aliyahesabu kwa kuyagusa, moja moja. Sitini.

"Haya," akaniambia, "kivuli kimefika."

Siku tatu hakwenda kazini. Alikaa nyumbani anachonga mipini ya majembe ambayo hakuna aliyeiagiza. Siku ya tatu mwenyekiti akaja, akakataa kiti, akasimama mlangoni.

"Fundi, watu wanauliza."

"Mwambieni mtaalamu aongeze ishirini na nane."

"Nimempigia." Akatoa simu. "Ngoja nimpigie tena, umsikie mwenyewe." Akaiweka sauti ya juu. Na sauti ya mtaalamu ikatoka pale, katikati ya nyumba yetu, nami nimesimama na mwiko mkononi. Aliyoyasema nayakumbuka neno kwa neno:

"Mwambie fundi ashushe kenchi, zilale zaidi. Akate upenu wote. Na bati lipande wimbi moja, siyo mawili. Yatatosha. Sisi hatuna bati jingine."

Simu ikakatika. Mume wangu akasema, "Paa la kulala hivyo, huku kwetu, na upepo huu?"

Mwenyekiti akasema, "Ukikataa wewe, nitamleta fundi wa Kumsenga. Na akina mama wataendelea kubebwa kwenye machela."

Alijua mahali pa kugusa. Mwezi ule ule mama mmoja wa jirani alikuwa amejifungulia njiani, kwenye daraja la magogo, na mtoto hakupona. Mume wangu alikuwa mmoja wa wabeba machela. Aliangalia mikono yake. Halafu akasema jambo ambalo naomba liandikwe mahali: "Nitalitandika. Lakini mimi sijalipima."

Akazibomoa kenchi alizokuwa ameshaziunga, akazipunguza kimo. Moja akaiacha nzima, ile ya kwanza, ya kwenye vumbi. Aliibeba nyumbani akaiegesha nyuma ya jiko. Akakata upenu, ukuta ukabaki uchi. Akapandanisha wimbi moja. Hata hivyo, kileleni pengo lilibaki, refu, unaona anga. Mwenyekiti akaleta mabati ya zamani kutoka banda lake la mbuzi, yana kutu na matundu, yakapigiliwa pale juu, na kwenye mkutano akapigiwa makofi kwa kujitolea. Wodi ikafunguliwa. Mtaalamu alikuja na kofia yake ya njano, akapigwa picha mlangoni. Kwa mbali paa lilipendeza. Nikilikumbuka sasa naliona kama mtu mwenye kofia ndogo iliyobanwa kichwani, anatabasamu, hajui.

Mvua za kwanza zikalikuta. Maji hayakuteremka, yalikaa juu yakitafakari, halafu yakapita kwenye maungio. Upande wa nje yakateremka ukutani, maana upenu haukuwepo, na udongo wa kati ya matofali ukaanza kulainika. Muuguzi wetu, dada wa kutoka mikoa ya mbali, mvumilivu sana, alipanga mabeseni chini ya vitanda na juu ya vitanda. Mwishowe akawahamisha wazazi wote kwenye chumba cha dawa. Mwenyekiti akaja kwetu. Hakusema paa la kijiji wala paa la shirika.

"Fundi," akasema, "paa lako linavuja."

Siku ile mume wangu alitaka kulifunga paa kwanza kwa kamba na mawe, lisichezecheze, ndipo azibe maungio. Mchana ulikuwa mtulivu, mawingu yamesimama upande wa Burundi, ya bluu. Aliitupa kamba ile ile, ya mafundo. Ikapita mgongoni mwa paa ikaniangukia.

"Washitse?"

"Nashitse!"

Nilikuwa natafuta jiwe la kufungia ncha yangu. Mengine nimeshayaandika.

Baada ya maziko, mguu wangu ukiwa bado kwenye bandeji ngumu, ripoti ya mtaalamu, yenye mhuri, ikasomwa mkutanoni. Niliomba nakala mara mbili bila kupewa. Muuguzi ndiye aliyeniletea. Nilitumia siku mbili kuisoma. Imeandikwa kwamba mabati yalikuwa ya kutosha kwa mujibu wa makadirio, ila fundi wa kienyeji alishusha mwinamo wa paa na kupunguza upandanishaji kinyume cha vipimo, kwa kukosa elimu. Kwa kukosa elimu. Nilimwendea mwenyekiti nikamkumbusha simu ile. Aliangalia chini, akachora kitu kwa kidole cha mguu.

"Simu ilikuwa na mikwaruzo, shemeji. Sikusikia vizuri."

"Nilikuwepo. Niliisikia nikiwa na mwiko mkononi."

"Basi ulisikia wewe."

Mwaka huu nilipanda basi mpaka Kasulu, na fimbo, na kamba kwenye mfuko. Njia nzima magari ya Warundi wapya waliokimbia kwao yalikuwa yanatupita, watu wamejaa, magodoro juu, vumbi jekundu linatufunika sote bila kuchagua. Nilisinzia nikaota kila gari limebeba paa lake. Nilipofika kwenye ofisi ile, getini palikuwa na kibarua Mkongomani, kijana mwenye adabu.

"Shefu hayiko, mama. Alienda kambini, anapima mashitingi ya plastiki ya kufunikia watu."

Nikauliza, "Anayapimaje?"

Kijana akashangaa. "Si kwa metre, mama."

Nikakaa kwenye jiwe. Nilikaa mpaka jua likainamia upande wa Heru. Gari likaja, kioo kikashuka nusu. Alikuwa yeye, kofia ya njano iko pale mbele ya usukani. Alinitambua, niliona jinsi macho yake yalivyokwenda kwenye mguu wangu, kisha kwenye mfuko.

"Pole mama," akasema. "Lakini yale yameshafungwa."

"Yamefungwa na nani?"

Kioo kikapanda.

Basi naandika. Majina siandiki, kila mmoja analijua lake. Wa kwanza ni wewe mwenye kalkuleta, uliyepima kivuli ukakiita paa, ukaamuru kwa simu paa lilazwe, kisha ukaandika kwamba ni mume wangu aliyelilaza. Wa pili ni wewe mwenyekiti, uliyesikia ukasema mikwaruzo. Wa tatu ni mimi niliyecheka; hilo nalibeba mwenyewe, silipeleki kwa mtu.

Kuta tatu bado zimesimama, zimeota majani. Kenchi ya kwanza iko nyuma ya jiko langu, nzima, sijaikata kuni hata siku mvua zilipotubana. Wewe mtaalamu, njoo. Njoo mchana, watu wakiwepo, kamba ikiwa imekauka. Tutailaza kenchi kwenye vumbi lile lile. Utashika ncha moja, mimi nitashika ya pili, na mafundo utayahesabu kwa kidole chako mwenyewe, kwa sauti, kisha utapiga hesabu ya mabati. Mwenyekiti atasimama pale asikie, siku hiyo hakuna simu. Ukipata sitini, nitaichoma kamba hii na nitanyamaza mpaka naingia kaburini. Ukipata themanini na nane, utaichukua karatasi yako yenye mhuri, utafuta neno fundi kwa mkono wako, utaandika cheo chako mahali pake.

Nimeuliza kwenye mkutano, nimeuliza mlangoni kwa mwenyekiti, nimeuliza kwenye kioo cha gari. Nauliza tena hapa: siku ile uliposema sitini, ulipima nini? Nijibu.